Ufa Kwenye Tangi la Baba

Mwaka ule mpaka wa Kenya ulipofungwa, watalii waliokuwa wakija kupitia huko walikatika. Hoteli aliyokuwa akifanya kazi baba, kule juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ilikaa miezi kadhaa ikiwasha moto ukumbini kwa ajili ya wageni watatu au wanne, halafu ikaanza kupunguza watu. Baba alikuwa katika kundi la pili. Siku ya kuagana msimamizi alifungua stoo akawaambia kila mmoja achague kitu kimoja ambacho hoteli haikihitaji tena. Wenzake walikuwa na akili zao timamu: walichukua mablanketi, masufuria makubwa, viti vya mbao. Mmoja alijitwika godoro zima. Baba akachukua tangi la samaki.

Lilikuwa sanduku la kioo lililoshikwa na fremu ya chuma kwenye kingo zake zote, refu kama benchi la watu wawili. Lilikuwa limekaa mapokezi tangu hoteli ingali mpya. Msimamizi mmoja wa zamani ndiye aliyelileta pamoja na samaki wake wenye rangi, na alipokwenda likizo alimwomba baba, ambaye wakati huo alikuwa mchukuzi wa kuni, awalishe kwa wiki mbili. Msimamizi hakurudi. Wiki mbili zikawa miaka kumi na moja. Baba akawa ndiye mtu wa samaki, na wageni wakawa wanapiga picha naye, yeye na koti lake jeupe, amesimama kando ya tangi kama baba wa bwana harusi.

Samaki wenyewe walikuwa wamekwisha kufa mmoja mmoja wakati wa shida ile, kwa sababu jenereta ilikuwa ikizimwa na maji yakipoa mno. Alichobaki nacho ni tangi tupu. Alilifunga kwa mablanketi aliyoazima, akalipandisha kwenye lori la mbao lililokuwa likiteremka Karatu, akakaa nalo nyuma huku amelikumbatia. Njia ile wakati huo ilikuwa vumbi na mashimo matupu. Alipofika kwetu Rhotia jioni, mweupe kwa vumbi kuanzia kichwani, akalifungua mbele ya mama na mimi, tukaliona wote watatu kwa wakati mmoja. Kwenye kioo cha mbele, pembeni chini upande wa kulia, kulikuwa na ufa uliopanda kwa mshazari, urefu wa shubiri moja.

Mama alisema, "Pole, Baba Mwalimu." Baba alipitisha kidole juu ya ufa ule, akaenda kunawa uso.

Niseme kwa nini aliitwa hivyo. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini, mwaka wangu wa kwanza, na mtoto wa kwanza kuzaliwa katika nyumba ile na kufika chuo. Majirani waliacha jina la baba la siku zote wakaanza kumwita Baba Mwalimu, na yeye alilivaa jina hilo kama shati la Jumapili. Mume wangu alikuwa kazini Wasso, safari ya basi ya kutwa nzima kama basi halikukwama, kwa hiyo mimi na binti yangu wa miezi kumi tulikuwa tukiishi kwa wazazi wangu. Nilifundisha sayansi darasa la nne. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, na hakuna kitu nilichokuwa sikijui.

Baba akakaa nyumbani. Sijui kama mtu asiyewahi kuona anaweza kuelewa jinsi mwanamume anavyoweza kuwa mgeni kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Miaka yote ile mama ndiye aliyelima, ndiye aliyejua shamba lipi lina maji na jirani gani anakula mpaka. Baba alikuwa akija siku nne kila mwezi, na mashati na sukari. Sasa alikuwepo kila siku. Alijaribu kwenda naye shambani, akang'oa mimea ya maharage pamoja na magugu, na mama, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwambia taratibu apumzike nyumbani, yeye atamaliza. Akapumzika. Alikaa kwenye benchi sebuleni akitazama tangi, na kila asubuhi alilifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, kwanza ndani, halafu nje. Iliniuma sana kumtazama.

Baada ya wiki mbili hivi akaniuliza. Tulikuwa tunakunywa chai.

"Mwalimu, wewe umesoma. Tangi hili litafaa?"

"Kufaa kwa nini, baba?"

"Kutiwa maji. Yule dereva wa lori amesema anaweza kuniletea kambale wadogo kutoka mifereji ya Mto wa Mbu. Kambale ni wagumu, baridi ya huku wataivumilia. Nilifikiri wanafunzi wako wangekuja kuwaona."

Kisha akaongeza, "Ila kule kazini glasi ikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, hairudi mezani. Inakwenda shimoni. Ndiyo sheria."

Nilipaswa kusikia maneno hayo ya mwisho. Yule aliyekuwa akizungumza alikuwa ameshika vioo kila siku kwa miaka kumi na moja. Lakini mimi nilisikia yale ya kwanza tu: wanafunzi wangekuja, na yeye angesimama tena kando ya tangi. Nilitaka jibu liwe ndiyo kabla sijaanza kulitafuta.

Na jibu nililipata jikoni kwa mama. Kwetu kibuyu kikipasuka hakitupwi. Mama alikuwa hodari wa kazi hiyo na wanawake wa Rhotia yote walimletea vibuyu vyao. Alitoboa matundu madogo pande zote mbili za ufa, akaushona kwa uzi wa katani, akaupaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Kisha akajaza maji, akakisimamisha kibuyu kwenye majivu makavu, na kukiacha siku tatu. Majivu yakilowa, anashona upya. Siku ya tatu yakiwa makavu, kibuyu ni kizima, na mwenyewe anakitilia maziwa bila wasiwasi. Nimekunywa maziwa ya vibuyu vya namna hiyo tangu utoto wangu, na vingine vilikuwa vizee kuliko mimi. Kibuyu kikinywa maji kinavimba, na ufa unajibana wenyewe. Hilo nalo nilikuwa nalijua. Sikujiuliza kama kioo kinavimba.

Nikasema tutafanya vivyo hivyo, ila kisayansi. Badala ya majivu tutaweka unga wa chaki. Badala ya nta tutapaka ule udongo mweupe wa kushikia vioo vya madirisha. Baba alinisikiliza, macho yake yakaniangalia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu ateremke kwenye lori.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Karatu mjini kutafuta udongo huo. Siku zile madukani hakukuwa na kitu, lakini kulikuwa na fundi mmoja wa vioo, mzee wa Kiislamu aliyekuwa akikata vioo vya madirisha na kutengeneza fremu za picha katika kibanda kando ya duka la nguo. Nilivaa gauni langu la kazini ili anione kuwa mimi ni mwalimu. Alikuwa na kopo moja la udongo lililokauka juu. Kabla hajanipa akauliza ni wa nini, nikamweleza: tangi, ufa, urefu wa shubiri.

"Linaingia maji debe ngapi?"

"Nne."

"Unalijua gunia la mahindi, mwalimu? Debe nne za maji ni gunia kasoro kidogo. Sasa wewe unaliegemeza gunia kwenye kioo chenye ufa, mchana na usiku, na gunia halichoki."

"Lakini halitavuja. Tutalipima siku tatu."

"Sijakuuliza kama litavuja."

Akachukua kipande cha kioo chakavu kilichokuwa mezani, akakichora mstari mmoja kwa almasi yake ya kukatia. Akamwaga maji kidogo juu yake, akakiinua nione kwa chini. Kikavu. "Umeona? Hakivuji hiki." Kisha akakishika kwa vidole, akakibonyeza kidogo sana. Kikalia *tk*, kikawa vipande viwili.

"Tia vifaranga humo," akasema. "Tia karanga, tia kitu chochote kikavu. Maji usitie. Na kama kuna mtoto nyumbani, ndiyo usitie kabisa."

Kibandani kulikuwa na wateja wawili wakisikiliza, mmoja akitabasamu. Nilipandwa na hasira. Nilijiambia huyu ni mtu wa madirisha tu, anajua nini kuhusu matangi. Nikasema nahitaji udongo, hayo mengine ni shughuli yangu. Akanipa. Alifunga kopo vizuri kwenye gazeti na kuniaga kwa adabu kubwa kuliko nilivyostahili.

Nyumbani baba alikuwa akinisubiri njiani. "Fundi amesema nini?"

Nikainua lile gazeti. "Amenipa udongo."

Ilikuwa kweli, na sikuongeza neno. Nimesema maneno mengi katika maisha yangu, mengine ya kipumbavu, lakini hayo mawili ndiyo ninayoyarudia mara nyingi.

Tukapaka udongo ndani na nje. Baba alifanya kazi ile kwa ncha ya kisu cha mezani, kwa uangalifu mkubwa, mpaka ukawa mstari mwembamba ulionyooka. Tukangoja ukauke. Tukaliweka tangi juu ya meza ya sebuleni, meza tuliyoipigilia misumari mipya miguuni, nikamwaga unga wa chaki mezani chini ya ile pembe yenye ufa. Tukajaza debe moja, tukangoja. Debe la pili. La tatu. La nne. Mama alikuja akatazama, akagusa unga wa chaki kwa kidole, akasema kitu kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, ambacho maana yake ni kwamba kazi ya mikono yake sasa imekwenda shule. Tukacheka sote.

Darasani nikawaeleza wanafunzi. Niliandika ubaoni: Jaribio. Chini yake: Siku ya kwanza, kavu. Kesho yake: Siku ya pili, kavu. Siku ya tatu niliandika kavu kwa herufi kubwa, nikawageukia nikasema, "Kwa hiyo tangi ni zima. Hivi ndivyo mwanasayansi anavyojua kitu. Habahatishi." Wakaandika kwenye madaftari yao.

Jioni ile nilimwambia baba pia. Alizunguka meza mara mbili, akainama, akatazama ufa kwa upande wa dirisha ambako mwanga ulikuwa ukiingia.

"Kule kazini tusingelirudisha," akasema.

"Baba, tumelipima."

Akanyooka. "Basi. Wewe ndiye mwalimu."

Kambale walikuja Jumatatu, wawili, kwenye ndoo iliyofunikwa kwa gunia lililoloweshwa, wamefika wazima na hasira zao. Wazee wetu hawakuwa watu wa kula samaki, na mama aliwaita nyoka wa maji. Alikataa kata yake ya kuchotea itumike kwao. Lakini usingemwona akipita sebuleni bila kusimama. Majirani walikuja. Mzee mmoja kutoka Mbulumbulu, aliyekuwa amemfuata mama na kibuyu, alikaa mbele ya tangi mpaka chai ikapoa mkononi mwake, akauliza kama wale wanalala.

Baba alimweleza. Alimweleza kila mtu. Alikuwa na sauti yake ya mapokezini, ya polepole na yenye heshima, na koti lake jeupe alilitoa sandukuni. Asubuhi alibadilisha debe moja la maji, kila siku debe moja tu, na yale mapya aliyaacha kwanza ndani ya nyumba yapoe au yapate joto sawa na ya tangini. Alichimba minyoo nyuma ya zizi. Mama alianza kumuuliza mambo. Mambo madogo tu, kama mlango wa ghala ufungwe kwa waya au kwa kamba, lakini alimuuliza. Niliona, na nilifurahi kana kwamba ni mimi niliyemrudishia kazi.

Alhamisi nikaleta darasa langu. Wanafunzi arobaini waliingia sebuleni kwa mafungu, na kila fungu likabandika pua kwenye kioo. Baba aliwaonyesha ndevu za kambale, akawaambia ndevu zile ni mikono yake ya kupapasia gizani. Akawauliza maswali. Alikuwa mwalimu mzuri kuliko mimi, nakiri. Walipoondoka walimwimbia wimbo wa shule uani, na yeye alisimama mlangoni na koti lake, mikono nyuma, akitazama juu ili asionekane macho.

Jambo moja sikulipa uzito. Binti yangu alikuwa ameanza kusimama kwa kushikilia vitu, na kitu alichokipenda kuliko vyote ni mguu wa meza ile. Baba alihamisha benchi lake. Zamani lilikuwa ukutani. Sasa aliliweka kati ya mtoto na tangi, akawa anakaa hapo amelipa tangi mgongo, kinyume na mtu anayependa kutazama samaki. Mama alimtania kwamba amewanunia wageni wake. Mimi nilidhani anapenda kucheza na mjukuu.

Jumamosi, siku ya sita tangu kambale waje, mama alikuwa shambani akivuna. Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi yenye ukungu na baridi kali ambayo watu wa huku wanaijua. Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la nguo nilizotaka kuanika. Mtoto alikuwa amezunguka benchi na kuufikia mguu wa meza, amesimama anajitikisa kwa magoti na kucheka. Baba alikuwa amemgeukia palepale kwenye benchi, mikono juu ya mapaja, anamtazama. Hakuna aliyeligusa tangi. Nataka hilo liandikwe mahali fulani, na hapa ndipo mahali pake. Hakuna aliyeligusa.

Nikasikia *tk*.

Baba hakuinua macho kulitazama tangi. Nafikiri alikuwa akiisubiri sauti ile tangu siku ya kwanza. Alijitupa mbele, akamvuta mtoto chini ya kifua chake, akajikunja juu yake kwa magoti na viwiko, na kioo cha mbele kikatoka chote na debe nne za maji nyuma yake. Maji yalinifikia mlangoni. Nakumbuka jinsi vipande vilivyoteleza sakafuni, vikubwa, taratibu kabisa, na kambale mmoja akajivuta kwa mapezi yake kuelekea jikoni kana kwamba ana safari.

Nilipomfikia baba, mtoto alikuwa analia kwa nguvu zake zote, ameloa chapachapa, mzima. Nilimpapasa mwili mzima na sikupata hata mkwaruzo. Mkono wa baba wa kulia ulikuwa umefunguka kuanzia kiwikoni mpaka karibu na kifundo. Damu ilichanganyika na maji, ikaonekana nyingi kuliko ilivyokuwa, na ilikuwa nyingi.

Mama alikuja mbio kutoka shambani na majirani wawili nyuma yake. Alisimama mlangoni akatazama mtoto kwanza, halafu mkono, halafu meza.

"Nini kimetokea?"

Nilifungua mdomo. Baba akaniwahi.

"Nimeligonga," akasema. "Nilikuwa nageuka, nimelipiga kwa kiwiko."

Mama alikuwa ameshafungua kitenge chake na kuanza kumfunga mkono. Alikaza fundo mara mbili huku akifoka. "Miaka yote hiyo kwa Wazungu hukuvunja hata kikombe! Unakuja kuvunja kwangu, juu ya mtoto! Kiwiko! Mtu mzima hajui kiwiko chake kiko wapi!" Majirani walisema pole, pole sana, Baba Mwalimu, huku wakitazama sakafu. Yeye aliinamisha kichwa akaitikia, "Ndiyo. Ndiyo, mama." Mimi nilikuwa nimesimama pale, mtoto begani, na sikusema kitu.

Walimshona zahanati, nyuzi kumi na mbili. Jioni mama alizoa vioo, na wale kambale, waliokuwa bado hai, akawarudisha kwenye ndoo yao yeye mwenyewe kwa kata yake, ile ile aliyoikataa, akawapeleka kijitoni.

Kesho yake baada ya kanisa nilimkuta baba nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi kwa mkono mmoja. Nilikaa chini. Nilimwambia yote aliyosema fundi: gunia la mahindi, kile kipande cha kioo, onyo lake kuhusu mtoto. Nilisema haraka na nililia. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha.

"Umemwambia mama yako?"

"Bado. Nitamwambia sasa hivi."

"Usimwambie. Mama yako hawezi kukaa na neno, na hawa majirani wana watoto darasani kwako. Huu ni mwaka wako wa kwanza." Akachukua gunzi lingine. "Mimi kazi yangu imekwisha. Wakinicheka mimi, haidhuru."

"Baba, si haki."

"Najua si haki." Alikung'uta punje mapajani, kisha akasema, bila ukali wowote, "Ila ungeniambia mimi. Mimi peke yangu. Ningelitia karanga."

Niliondoka pale nikijiambia kwamba kunyamaza ni kumtii baba, na kwamba kumtii ni heshima. Mtu akitaka sababu haikosekani.

Jumatatu niliingia darasani. Habari ilikuwa imeshafika, kama kawaida ya Rhotia. Niliandika tarehe ubaoni, na nilipogeuka msichana mmoja wa dawati la mbele, mwenye akili kuliko wote na mwandiko mbaya kuliko wote, alikuwa amenyoosha mkono. Alikuwa na daftari wazi mbele yake.

"Mwalimu, tuliandika siku tatu kavu. Tukaandika tangi ni zima. Sasa kwa nini limepasuka?"

Arobaini wananitazama. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na jibu lake nilikuwa nalo. Ningeweza kuchora kioo ubaoni na kuandika: kuvuja si kipimo. Ningeweza kusema mwalimu wenu alikosea, na fundi alimwonya, na babu alijua. Ningekuwa nimewafundisha sayansi siku ile. Nilishika chaki.

"Babu aliligonga kwa kiwiko," nikasema.

"Aaa," darasa zima likaitikia, na likatulia. Msichana yule akaandika. Nilimwona akiandika. "Pole yake babu," akasema mtu nyuma.

Jumatano baba alipita njia ya shuleni akienda zahanati kubadilishiwa bandeji. Ilikuwa saa ya mapumziko. Wanafunzi wangu walimwona wakakimbilia ukingoni mwa kiwanja, na kwa sababu walimpenda wakamtania. Walikunja mikono wakainua viwiko juu, wote, wakaita, "Babu Kiwiko! Shikamoo, Babu Kiwiko!" Alisimama. Akacheka, akainua ule mkono wake uliofungwa bandeji, taratibu kwa sababu ulikuwa unamuuma, akawaonyesha kiwiko, nao wakashangilia.

Halafu akaniona mimi mlangoni mwa darasa. Akateremsha mkono na kusimama wima, na watoto, walipoona amebadilika, wakanyamaza.

"Hujambo, Mwalimu?" akasema, kwa ile sauti yake ya mapokezini, mbele yao wote.

"Sijambo. Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu, akaendelea na njia yake.